Si maringo: Namna ubongo wa mtu mzima mwenye usonji unavyosoma nyuso

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, salamu ni deni. Kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Umoja, Kayole na Dandora, anayempita jirani bila kumwamkua huhesabiwa kuwa mwenye maringo, au mwenye kinyongo alichokificha moyoni. Watu huishi karibu karibu, hukopeshana unga na makaa, huangaliziana watoto na kuzikana. Kwa wengi, haiwezekani mtu asimtambue jirani yake wa kila siku, aliyenyamaza amekusudia.

Hata hivyo, wapo watu wazima ambao kosa hilo huwapata mara kwa mara pasipo kukusudia hata kidogo. Hao ni baadhi ya watu wenye usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno maishani na kudumu hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 ulimwenguni alikuwa na hali hiyo.

Chukua mfano wa kijana wa miaka 30 anayeishi Buruburu na kufanya kazi ya kupanga nguo za mitumba katika soko la Gikomba. Kila jioni hununua sukuma wiki kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na lango la mtaa. Anamjua vyema: anaijua sauti yake, leso yake, na jinsi anavyokatakata mboga upesi upesi. Jumapili moja wanakutana kando ya Barabara ya Jogoo, mama akitoka kanisani, amevaa gauni na kofia. Mama anatabasamu, kijana anapita zake.

Jumatatu jioni kijana anapokewa kwa maneno makali. "Mwanangu, jana umenipita kama mlingoti wa stima. Nimekukosea nini?" Kijana hana jibu ila kusema, "Nisamehe, mama, sikukujua." Mama haamini. Atamsadikije mtu anayenunua kwake kila siku?

Mfano huu si kisa cha mtu fulani, lakini jambo lenyewe ni la kweli, na wanasayansi wamelichunguza kwa zaidi ya robo karne kwa kutumia mashine za kupiga picha za ubongo, vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho na nyaya zinazopima umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Walichogundua kinaonyesha kwamba huenda kijana huyo na mama huyo wote wawili wanasema kweli.

Nyumba na nyuso

Ili kuelewa kinachotokea, ni vyema kwanza kufahamu jinsi watu wengi wanavyotambua nyuso. Mwanga unapoingia jichoni hugeuzwa kuwa ishara za neva, nazo husafiri hadi kisogoni, mahali ubongo unapoanza kuchambua mistari, vivuli na rangi. Kutoka hapo ishara hupelekwa mbele kwa njia kadhaa. Mojawapo hupita chini ya ubongo, kwenye mkunjo uitwao fusifomu.

Mwaka 1997, mtafiti Nancy Kanwisher na wenzake nchini Marekani walieleza kwamba sehemu moja ndogo ya mkunjo huo, hasa upande wa kulia, huamka kwa nguvu zaidi mtu anapotazama uso kuliko anapotazama nyumba, mkono au kitu kingine. Kazi hiyo hufanyika kwa kasi kubwa. Wanaopima umeme wa ubongo huona wimbi fulani, waliloliita N170, likitokea takriban milisekunde 170 tangu uso uonekane. Huo ni muda usiofika hata sehemu moja ya tano ya sekunde.

Jambo la pili ni kwamba watu wengi husoma uso kwa ujumla wake. Hawahesabu pua, kisha mdomo, kisha nyusi. Hushika umbo zima kwa mpigo mmoja, pamoja na nafasi iliyopo kati ya viungo hivyo. Mwaka 1969, Robert Yin alionyesha kwamba picha ya uso ikipinduliwa juu chini, watu hushindwa kuitambua kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyoshindwa na picha za vitu vingine zilizopinduliwa. Kupindua kunauvunja ule ujumla.

Nyumba za Buruburu zinaweza kusaidia kulieleza jambo hili. Mtaa huo ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, na nyumba nyingi zilifuata ramani zinazofanana. Mgeni akielekezwa nyumba ya rafiki yake huambiwa atafute alama: lango la kijani, mti wa mwembe, duka lililoongezwa mbele. Siku lango litakapopakwa rangi nyingine, mgeni atapotea. Mwenyeji hahitaji alama hizo, kwa kuwa nyumba yake anaitambua yote kwa pamoja. Kwa watu wengi, nyuso ni kama nyumbani kwao. Kwa baadhi ya watu wenye usonji, kila uso ni mtaa wa ugenini, nao huutambua kwa alama: miwani, mwanya, ndevu, mtindo wa nywele, sauti, mwendo, au mahali mtu anapopatikana. Mama wa mboga alipovua leso na kuondoka kibandani, aliondoka na alama zake zote.

Picha za kwanza na kosa lililofuata

Mwaka 2000, Robert Schultz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti uliozua gumzo. Waliwaweka watu 14 wenye usonji au hali iliyoitwa Asperger ndani ya mashine ya MRI, wakawaonyesha nyuso na vitu mbalimbali, kisha wakawalinganisha na watu wasio na usonji. Walipotazama nyuso, sehemu ya fusifomu ya wenye usonji iliamka kidogo kuliko ya wenzao. Badala yake, iliyofanya kazi zaidi ni sehemu jirani ambayo kwa wale wengine ilitumika kutazama vitu.

Matokeo hayo yalifasiriwa na baadhi ya watu kwa pupa, ikasemekana kwamba mtu mwenye usonji huwaona binadamu wenzake kama viti na meza. Tafsiri hiyo haikuwa ya haki. Picha ya MRI huonyesha ni wapi damu yenye oksijeni imeongezeka ubongoni wakati wa kazi fulani. Haionyeshi mapenzi wala heshima aliyonayo mtu kwa mwenzake. Kutumia njia nyingine kumtambua mtu si sawa na kumdharau.

Miaka minne baadaye, mwaka 2004, James McPartland na wenzake waliripoti kwamba wimbi la N170 lilichelewa kwa vijana na watu wazima wenye usonji walipotazama nyuso. Ucheleweshaji wenyewe ni wa milisekunde chache tu. Lakini njiani, mahali ambapo nyuso nyingi hupita kwa mkupuo, hata kuchelewa kidogo kwaweza kuwa na uzito: mtu hushuka matatu, hukatiza mbele, na salamu yake hupotea kabla haijajibiwa.

Walipoangalia macho yanatazama wapi

Baada ya hapo watafiti walijiuliza swali rahisi: je, waliokuwa ndani ya mashine walikuwa wakitazama sehemu gani ya uso? Mwaka 2002, Ami Klin na wenzake walikuwa tayari wamewaonyesha vijana na watu wazima wenye usonji vipande vya filamu huku kifaa kikifuatilia macho yao. Wasio na usonji walikazia zaidi macho ya waigizaji. Wenye usonji waliyatazama macho hayo kwa muda usiofika nusu ya ule wa wenzao, wakatazama zaidi midomo, miili na vitu vilivyokuwa chumbani.

Mwaka 2004, Nouchine Hadjikhani na wenzake waliweka alama ndogo katikati ya picha ya uso ili kila mtu aelekeze macho yake hapo. Safari hii, sehemu ya fusifomu ya watu wazima wenye usonji iliamka kama ya watu wengine. Mwaka uliofuata, Kim Dalton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba kadiri kijana mwenye usonji alivyoyatazama macho kwa muda mrefu zaidi, ndivyo sehemu hiyo ilivyofanya kazi zaidi.

Utafiti mwingine wa mwaka 2004, ulioongozwa na Karen Pierce, uliongeza jambo linalogusa moyo. Wanaume wenye usonji walionyeshwa nyuso za watu wasiowajua pamoja na nyuso za jamaa na marafiki zao. Kwa nyuso za wapendwa wao, fusifomu iliitika vizuri. Kwa hiyo sehemu hiyo haikuwa imekufa wala haikukosekana. Iliitikia kwa kutegemea ni nani anayetazamwa, na ni wapi macho yameelekezwa.

Macho yanapochoma

Kwa nini basi mtu ayaepuke macho ya mwenziwe? Wataalamu wamekuwa na maelezo mawili makuu. La kwanza ni kwamba ubongo wa mwenye usonji hauoni tunu maalumu katika macho ya watu, hivyo hauvutwi nayo tangu utotoni. Na kwa kuwa hauvutwi, haupati mazoezi ya miaka mingi yanayowafanya watu wengine kuwa mabingwa wa nyuso.

Maelezo ya pili ni kinyume chake: kwamba macho ya watu yanauamsha ubongo huo kupita kiasi. Kila upande wa ubongo una kiungo kidogo chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala, ambacho husaidia kupima hatari na mambo yenye uzito wa kihisia. Katika utafiti wa Dalton, kuyatazama macho kuliambatana na amigdala kuchemka zaidi kwa vijana wenye usonji. Mwaka 2017, Hadjikhani na wenzake waliripoti kwamba watu wenye usonji walipolazimika kutazama eneo la macho tu, mfumo wa chini wa ubongo unaohusisha amigdala uliitika kwa nguvu kuliko kawaida. Watu wazima wengi wenye usonji wamekuwa wakisema hivyo wenyewe kwa miaka mingi: kwamba kumtazama mtu machoni kwawasumbua, kwawaumiza, au kwawazuia kusikia anachosema.

Maelezo hayo mawili yanaweza yote kuwa ya kweli kwa watu tofauti, au hata kwa mtu yuleyule katika umri tofauti. Usonji una sura nyingi. Wapo wenye usonji wanaotambua nyuso barabara kama mtu mwingine yeyote, wapo wanaopata taabu kidogo, na wapo ambao wanaweza kumkosa hata jamaa yao katikati ya umati.

Mwaka 2012, Sarah Weigelt na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizotangulia, wakasema kwamba wenye usonji kwa kawaida husoma nyuso kwa utaratibu uleule wa watu wengine, lakini huonyesha udhaifu hasa pale wanapotakiwa kuukumbuka uso baada ya kuondolewa, hata kwa muda mfupi. Kulinganisha picha mbili zilizowekwa ubavuni mwa nyingine ni rahisi zaidi kwao. Hii ndiyo sababu mtu aweza kukutazama vizuri mkizungumza leo, na kesho akakupita.

Mizani ina pande mbili

Kwa muda mrefu shida hii ilielezwa kana kwamba imo kwa mtu mmoja tu. Mwaka 2012, Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande zote mbili: mwenye usonji hupata taabu kuwasoma wengine, na wengine hupata taabu vilevile kumsoma yeye. Majaribio yaliyofuata yameonyesha kwamba watu wasio na usonji mara nyingi hukosea wanapokisia hisia kutoka kwa uso wa mwenye usonji, na hata huamua ndani ya sekunde chache kwamba hawataki kuwa karibu naye.

Kibandani Buruburu, basi, makosa yalikuwa mawili. Kijana alishindwa kusoma uso wa mama chini ya kofia. Mama naye akausoma uso wa kijana, akaona dharau mahali ambapo haikuwapo.

Hali ilivyo Eastlands na Kenya

Sehemu kubwa ya uchunguzi uliotajwa hapa ulifanywa Marekani na Ulaya, wengi wa walioshiriki wakiwa wanaume wanaozungumza bila taabu, na nyuso walizoonyeshwa mara nyingi zikiwa za watu wa asili ya Kizungu. Hilo si jambo dogo. Inajulikana kwamba watu hutambua vyema zaidi nyuso za aina waliyoizoea tangu utotoni. Kwa hiyo matokeo hayo yanatoa mwanga, lakini hayamalizi habari ya mwanamke wa Dandora au mzee wa Jericho.

Barani Afrika, juhudi za kuufahamu usonji zimeelekezwa hasa kwa watoto. Jijini Nairobi, Chama cha Usonji cha Kenya kiliundwa na wazazi mwaka 2003, na mwaka huohuo kitengo cha watoto wenye usonji kikaanzishwa katika Shule ya Msingi ya City, eneo la Ngara. Katika Pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 maoni ya wazazi na wahudumu kuhusu chanzo cha usonji. Baadhi walitaja maambukizi, matatizo wakati wa kuzaliwa na urithi. Wengine walitaja mapepo, uchawi na laana.

Waliokuwa watu wazima kabla ya juhudi hizo walipitwa. Mtu aliyezaliwa Bahati au Mbotela mwaka 1975 alimaliza shule kabla usonji haujawa neno la kawaida redioni na magazetini. Kama alijifunza kuzungumza na kufanya kazi, yamkini hakuna aliyewahi kumpima. Aliitwa mkimya, mjeuri, au mtu wa ajabu.

Mila nazo hulifanya jambo liwe gumu kutambulika. Katika jamii nyingi za Kenya, mtoto hufunzwa kutomkodolea macho mtu mzima. Kuinamisha macho ni adabu. Kukwepa macho, ambako daktari wa Ulaya angekuona mapema kuwa ni dalili, hapa hupita kama malezi mema. Taabu huanza mtu anapokua na kuingia mahali ambapo kanuni zimegeuka. Kwenye mahojiano ya kazi, asiyemtazama mwajiri machoni huonekana hajiamini au anaficha jambo. Anaposimamishwa na polisi usiku, macho yanayohangaika yaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa hatia. Biashara ndogo ndogo, ambayo ndiyo riziki ya wengi Eastlands, hujengwa juu ya kumjua mteja na kumwita kwa jina. Mwuzaji asiyewatambua wateja wake huwapoteza.

Sheria imepiga hatua. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutoitwa kwa namna inayomdhalilisha. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilifuatwa na nyingine mpya mwaka 2025. Hata hivyo, sheria haiwezi kuamua jinsi jirani anavyofasiri ukimya wa jirani.

Yanayoweza kufanywa mtaani

Hakuna dawa ya kuugeuza usonji, na watu wengi wenye hali hiyo hawaitafuti. Lakini yapo mambo mepesi yanayopunguza machungu, na hayahitaji fedha.

La kwanza ni kujitaja. Anayekutana na mtu wa aina hii nje ya mahali wanapokutana kila siku anaweza kuanza salamu kwa kusema yeye ni nani: "Habari yako, mwanangu? Ni mimi Mama Wanjiru, wa mboga." Sauti na jina hufanya kazi ambayo uso haukuifanya.

La pili ni kutomlazimisha mtu akutazame machoni ndipo uamini kwamba anasikiliza. Wengi husikia vyema zaidi wakiwa wametazama kando. Mwajiri anayetafuta fundi, karani au mshonaji apime kazi ya mikono yake.

La tatu linawahusu wenye usonji na jamaa zao. Si aibu kusema wazi, "Mimi husahau nyuso, nikikupita, niite." Wengi hutumia nguvu nyingi kuficha shida hii, wakiwatabasamia wote wanaopita ili wasimkosee yeyote, na hurudi nyumbani wakiwa wamechoka kuliko waliobeba magunia.

Akiambiwa hivyo, mama wa kibandani huenda asiamini siku ya kwanza. Lakini Jumapili nyingine, akimwona kijana yule akija upande wake kando ya Barabara ya Jogoo na macho yameelekea chini, anaweza kujaribu kumwita kwa sauti aliyoizoea. Jibu atakalolipata litamweleza kuliko uso.